Inteki ya kujitengenezea nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na sisi wa Mbeya, Iringa na milimani kwa ujumla

Wakuu habari za muda huu, na kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Mimi sio fundi wa cheti, nina Premio ya cc 1500 tu na ugonjwa wa kutoboa toboa vitu chini ya boneti, na kila nikikaa kijiweni hapa Mbeya naulizwa maswali yaleyale kuhusu kuweka bomba la PVC, kutoboa boksi la ea klina (chujio la hewa), kuweka koni (chujio la wazi lenye umbo la koni), mara kifeni cha umeme. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwaiyo nimeyaweka yote hapa. Mengine nimejibu kwa kirefu sababu niliyalipia ada mwenyewe, mengine kwa mistari miwili maana hayana uzito.

Inteki ndio nini hasa?

Njia yote ya hewa kabla haijaingia kwenye injini. Inaanzia mdomo wa plastiki kule mbele karibu na taa au juu ya rejeta, inakuja boksi la ea klina, inapita kwenye sensa ya ea flo (inayopima hewa inayoingia) kama gari yako inayo, alafu mpira mkubwa mpaka kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Watu wakisema "nimefanya inteki" wanamaanisha wametoa boksi la kiwandani wakaweka bomba na koni, au wametoboa boksi, au wamechomoa baadhi ya vile viboksi vya pembeni.

Nenda moja kwa moja, inaongeza nguvu au haiongezi?

Kwa gari ya kawaida isiyo na turbo, ile ya kutengeneza nyumbani mara nyingi inapunguza. Ikiwa imetengenezwa kwa akili sana inaongeza hospawa moja, labda moja na nusu, na huwezi kuisikia kwa makalio yako hata uapishwe.

Sababu ni hesabu ndogo tu. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6000 kwa dakika inameza hewa kama lita 4500 kwa dakika, maana inajaza mitungi yote mara moja kila mizunguko miwili. Zinasikika nyingi, lakini zipitishe kwenye bomba la inchi mbili na nusu, hewa inakimbia kama mita 24 kwa sekunde, ambayo ni mwendo wa gari inayotembea chini ya kilomita 90 kwa saa. Sio kimbunga icho. Bomba la kiwandani linapitisha bila shida, waliolitengeneza walipiga hesabu hiyohiyo. Ukipanua liwe inchi tatu unaokoa mbano kidogo sana, ila ukiwa umetoa mdomo wa mbele na koni yako inanyonya hewa ya moto ya injini, umepoteza mara nne ya ulichookoa.

Na ieleweke kwamba hiyo ni pale umekanyaga mafuta mpaka chini. Ukiwa unaenda zako Mwanjelwa taratibu, kinachoibana hewa ni kile kipepeo cha throto ambacho wewe mwenyewe umekifungua robo. Hata ukiweka bomba la maji taka la inchi nne nyuma yake, kipepeo kiko palepale.

Lakini gari yangu Dar ilikua inavuta vizuri, nimeileta Mbeya imekua zito. Si hewa haiingii?

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Hewa inaingia, ila ni nyepesi. Mbeya mjini tuko kama mita 1700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini iko chini kidogo ya hapo, Njombe juu zaidi, na Kitulo ni kama 2600. Pwani mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101, hapa kwetu ni kama 83. Injini inameza ujazo uleule lakini ndani ya ule ujazo oksijeni imepungua, na kompyuta ya gari ikiona ivo inapunguza na mafuta, maana petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta.

Kinachotuokoa ni baridi yetu. Hewa ya nyuzi 20 ya hapa ni nzito kuliko ingekua na joto la Dar la nyuzi 30. Ukichanganya yote mawili unakuta injini isiyo na turbo hapa Mbeya imepoteza kama asilimia 15 ya nguvu iliyokua nayo Dar. Premio yangu kiwandani waliandika hospawa 109 hivi, kwaiyo nikiwa Mafiati hapa mjini natembea na kama 92 na injini haina ugonjwa wowote. Ukipanda Kitulo unakaribia kupoteza robo.

Hizo hospawa 17 hakuna bomba litakalozirudisha, ata liwe la dhahabu. Bomba linaondoa mbano, haliongezi uzito wa hewa iliyoko Mbeya. Kinachorudisha ni kitu kinachosukuma hewa kwa nguvu, yaani turbo au supachaja ya kweli, au ushuke mlima.

Mbona jamaa yangu kaweka koni na anaapa gari imebadilika kabisa?

Namwamini kwamba anasikia tofauti. Vile viboksi vya plastiki vilivyoning'inia kwenye njia ya hewa vimewekwa kumeza sauti, ukivitoa injini inaanza kunguruma ukikanyaga, na sikio likisikia ngurumo mguu nao unakanyaga zaidi. Gari ileile, dereva mpya.

Kuna kisa kingine nakipenda sana. Kijana mmoja wa Uyole alifunga bomba lake Ijumaa, Jumamosi akaenda Kyela kwenye msiba, akarudi anahubiri kwamba gari imekua ndege. Sasa Kyela iko chini, kama mita 500 tu, pale hewa ni nzito kuliko ya Mbeya kwa kama asilimia 10 hata ukiweka na joto lake. Na kwenda sehemu kubwa ni kushuka! Nikamuuliza wakati wa kurudi, ulipokua unapandisha Tukuyu ilikuaje, akasema "pale ilikua imebeba mchele". Haya.

Wewe ulijaribu?

Nilijaribu, tena nilianza nikiwa muumini. Nilinunua bomba la PVC la inchi tatu na elbo mbili, koni ya kichina, klipu nne, nikatumia Jumamosi nzima na jirani yangu. Ilipendeza kweli, tulipaka na rangi nyeusi ya kupuliza.

Alafu nikawa mjanja kidogo, nikasema tupime. Kuna mlima mmoja upande wa barabara ya Chunya ambao Jumapili alfajiri hauna gari, tukawa tunapanda watu walewale wawili, tanki nusu, kiyoyozi kimezimwa, nakanyaga mpaka chini kuanzia 60 mpaka 90, jirani anashika saa ya simu. Mara tano kila hali, tunatafuta wastani. Pia niliazima mashine ya kusoma kompyuta ya gari ili nione joto la hewa inayoingia.

Kabla ya bomba nilikua napata wastani wa sekunde 9.4, hewa inaingia na nyuzi 34. Na bomba la PVC na koni, sekunde 9.9, hewa nyuzi 47. Nje siku hiyo kulikua na baridi ya kuvaa sweta. Jirani alicheka mpaka nikakasirika.

Ila kilichonisumbua usiku ni ile 34. Kwanini gari ya kiwandani ivute hewa ya nyuzi 34 wakati nje ni 18? Nikaenda kuangalia gari ya mtu mwingine ya aina hiyohiyo, nikakuta yake ina bomba jeusi la plastiki linatoka kwenye boksi la ea klina linaenda mpaka mbele kabisa kwenye upepo. Yangu halipo! Nikakumbuka niliwahi kugongwa kidogo mbele nikapeleka kunyoosha bodi, na fundi aliponirudishia gari akaniambia "vitu vingine havina kazi". Nikalitafuta hilo bomba kwenye spea mtumba, nikalikuta, nikalifunga na boksi la asili. Sekunde 9.0, hewa nyuzi 24.

Kwaiyo gari yangu ilitoka kiwandani na inteki ya hewa baridi tayari, watu wakaitoa, mimi nikaenda kununua mbaya zaidi. Kabla hujanunua chochote fungua boneti uangalie kama lile bomba la mbele lipo na limeshika. Magari mengi ya mtumba yaliyopita kwa mafundi wengi hayana.

Joto lina uzito kiasi icho kweli?

Ndio. Kila nyuzi 10 hewa ikipanda joto inapoteza kama asilimia 3 ya uzito wake, na nguvu inafuata hapohapo. Hewa ya chini ya boneti kwenye foleni inaweza kufika nyuzi 50 na zaidi. Sisi huku Juni na Julai asubuhi tunakua na nyuzi chini ya 10 bure kabisa kutoka kwa Mungu, alafu mtu anaenda kunyonya hewa iliyopashwa moto na ekzosi.

Nikiweka mdomo mbele uelekee upepo si hewa itajisukuma yenyewe ndani?

Kidogo mno. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo wote ukiukamata bila kupoteza hata tone unapata kama kilopaskali 0.4, hapa kwetu hiyo ni chini ya nusu asilimia. Kwa gari yangu ni kama nusu hospawa. Faida ya mdomo wa mbele ni ubaridi, sio kusukuma.

Nitajuaje kama gari yangu kweli inakabwa hewa?

Hiki ndio kipimo nakipenda kuliko vyote na ni cha bei ya soda. Chukua ule mpira mweupe unaoona ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia levo. Ukunje uwe kama herufi U kwenye ubao wa mita moja, weka maji mpaka nusu, tia na rangi kidogo usome vizuri. Upande mmoja uache wazi ndani ya gari, upande mwingine urefushe mpaka kwenye boneti uuchomeke kwenye njia ya hewa baada ya ea klina kabla ya throto. Mimi nilitumia pale unapoingia mpira wa kupumulia wa injini, ule wa injini nikaufunga kitambaa kwa muda wa kipimo tu. Hakikisha ubao umesimama wima na maji yasije kuvutwa yakaingia.

Kanyaga mafuta mpaka chini ukipanda mlima, mwenzio asome maji yamepishana sentimita ngapi. Sentimita 10 ni kama kilopaskali moja, na kwa hewa ya Mbeya hiyo ni kama asilimia 1.2. Yangu ikiwa na ea klina kuukuu ilisoma 17, nikaweka mpya ikasoma 12. Maana yake mbano wote, boksi, bomba, ea klina, kila kitu, unanila asilimia moja na nusu hivi. Hata ningekua mchawi nikauondoa wote ningepata kama hospawa moja na kitu. Ndio zawadi nzima iliyopo mezani, na nilikua nataka kuitafuta kwa bomba la elfu arobaini.

Ukipima ukakuta 40 au 50, hapo kuna tatizo la kweli. Angalia ea klina imejaa, panya kajenga kiota kwenye boksi (usicheke, huku kwa wanaopaki karibu na stoo za mahindi inatokea), au mpira umekunjika ndani.

Nimefunga bomba, taa ya cheki injini imewaka na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka. Kwanini?

Karibu kila mara ni ea flo au hewa ya wizi.

Ile sensa ya ea flo ni kiwaya kinachopashwa moto, kinapima hewa kwa kuangalia inavyokipoza. Kompyuta imefundishwa kwamba waya ukipoa kiasi fulani, ndani ya bomba la upana FULANI, basi hewa ni gramu kadhaa. Ukiihamishia kwenye bomba pana zaidi hewa inapita taratibu, waya unapoa kidogo, kompyuta inadanganyika hewa ni chache inatoa mafuta machache, injini inakua kavu. Hapo ukipima na mashine utapata namba ya kosa P0171. Ukiifunga sensa karibu na kona ya elbo hewa inakuja imepinda, inasoma ovyo, unapata P0101. Na kama umesahau kuchomeka waya wake, gari nyingi sensa ya joto la hewa iko humohumo, utaona na P0113.

Hewa ya wizi ni ile inayoingia baada ya sensa bila kuhesabiwa, kupitia klipu zilizolegea, tundu la mpira wa kupumulia uliloziba kwa selotepu, au mpira uliopasuka kwa chini usikoona. Kwa fundi ukipeleka na P0171 anaweza kukuuzia sensa ya oksijeni, plagi na pampu ya mafuta kabla hajaangalia klipu. Anza na klipu.

Nimeshanunua bomba, siwezi kurudisha. Nifanyeje lisiniulie injini?

Sawa, mbishi mwenzangu. Sensa ibaki kwenye kishikizo chake cha asili chenye upana uleule, na uiache sehemu iliyonyooka. Mpira wa kupumulia urudi mahali pake, usiuache unaning'inia unameza vumbi. Bomba liwe na upana wa mdomo wa throto, sio kubwa kisa lilikuwepo dukani. Lishikwe na bodi kwa bano lenye raba, maana injini inacheza na bomba gumu litapasuka kwenye maungio. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi 75 hadi 80, kwaiyo lisisogee karibu na ekzosi, na ukishakata ondoa unga wote na vipande, osha, kausha, ndio ufunge. Kila kilichobaki ndani kinaelekea kwenye valvu zako.

Na jenga ukuta wa bati kati ya koni na injini, na uilishe hewa ya nje. Ukishamaliza kufanya hayo yote utakua umetengeneza boksi la kiwandani, ila baya.

Kutoboa boksi la ea klina kwa drili?

Unapata kelele na hewa ya moto. Basi.

Koni, sponji au kitambaa badala ya ea klina ya karatasi, kwa vumbi letu inakuaje?

Hapa sitaki utani. Ukiwa unapita barabara za vumbi za ndani kule Usangu au machimboni Chunya kiangazi, lile vumbi ni mchanga laini, linakwangua ringi na mitungi kama msasa. Karatasi ya kawaida nzuri inakamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi, na inavyozidi kuchafuka kidogo inakamata zaidi maana matundu yanapungua. Koni za bei rahisi za sokoni hapa unaweza kuishika juani ukaona mwanga unapita. Mwanga ukipita kirahisi hivyo vumbi linapita.

Zile za pamba zenye oili zinafanya kazi zikitunzwa, shida yetu tukiziosha tunazimwagia oili kama tunakaanga maandazi, ile oili inavutwa inaenda kukaa kwenye kiwaya cha ea flo na taa inawaka. Ukifikia hapo safisha sensa kwa dawa yake maalumu, usiipulizie dawa ya breki na usiiguse na kitambaa.

Kwa kujua kama vumbi linapita, toa mpira baada ya ea klina upangusie kidole kwa ndani. Kidole kikitoka na unga mwekundu umeshaanza kula injini.

Kupuliza ea klina kwa kompresa kila wiki ni sawa?

Kila wiki hapana. Ule upepo wa kujazia tairi la Fuso unatoboa karatasi matundu usiyoyaona. Ikibidi, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali, upepo mdogo, alafu mulika na tochi ya simu kwa ndani. Ukiona nukta ya mwanga tupa. Mimi nagonga gonga tu na nikiona imechoka nanunua nyingine.

Itapunguza ulaji wa mafuta?

Hapana. Maabara ya Oak Ridge kule Marekani mwaka 2009 walipima magari ya kisasa ya sindano (yanayopuliziwa mafuta kwa kompyuta, sio kabureta) kwa kuyawekea ea klina iliyoziba makusudi, ulaji haukubadilika kitu cha maana, maana kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana. Kilichoumia ni kuchanganya mwendo. Gari yao ya zamani ya kabureta ndio ilionyesha tofauti ya ulaji. Sasa kama ea klina iliyoziba haiongezi ulaji, bomba pana litapunguzaje?

Nikishusha mdomo chini kabisa ya bampa nipate hewa baridi?

Unaishi wapi? Kama ni Rungwe usithubutu. Maji hayagandamiziki, pistoni ikipanda ikakuta maji inapinda konrodi (mkono wa pistoni) hapohapo, na injini inazima ukiwa katikati ya dimbwi. Kiwandani waliweka mdomo juu usawa wa taa kwa sababu. Mvua zetu kuanzia Novemba mpaka Aprili barabara nyingine zinageuka mito. Na ikitokea gari imezima kwenye maji USIPIGE STATA tena, toa plagi kwanza uzungushe maji yatoke.

Kile kifeni cha umeme wanachokiita supachaja?

Kifeni cha volti 12 kinachokula ampia 5 kina wati 60, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya hospawa moja. Supachaja ya kweli kwa injini ndogo inakula hospawa kadhaa kutoka kwenye mkanda. Injini ikiwa kasi inavuta hewa zaidi ya kifeni kinavyoweza kusukuma, kwaiyo kifeni kinageuka kizuizi. Na kipande cha pangaboi kikikatika unajua kinakoelekea.

Na kile kibati chenye mapezi cha kuzungusha hewa?

Kinakaba hewa. Toa.

Boda wengi wanatoa ea klina na pikipiki inakua nyepesi kweli, mbona unapinga?

Sipingi, na hapa wana sababu hata kama hawaijui. Pikipiki ya kabureta jeti yake (kitundu cha kupitisha mafuta) imepangwa kwa hewa nzito ya chini. Ikija Mbeya hewa imepungua, mafuta yanabaki mengi, inakua tajiri, plagi inapaka masizi meusi na inakohoa. Ukitoa ea klina unaongeza hewa, mchanganyiko unarudi karibu na sawa, pikipiki inachangamka. Tatizo umetibu homa kwa kukata kichwa. Baada ya muda ringi zimekwisha, inatoa moshi wa bluu, unaingia kwenye bloku. Dawa yake ni kushusha sindano ya kabureta pini moja au kuweka jeti ndogo kidogo, na ea klina inabaki mahali pake. Kwa gari ya sindano hii hadithi haipo kabisa, kompyuta inajirekebisha yenyewe.

Land Cruiser yangu dizeli bila turbo inatoa moshi mweusi ikipanda, niweke bomba kubwa?

Angalia ea klina kwanza. Ikiwa safi, ni uleule mwinuko: pampu ya zamani inamwaga dizeli kana kwamba iko Dar wakati hewa ni ya Njombe, ya ziada inatoka moshi. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kupunguza mafuta ukiwa juu, na kikifa unaona hivyo. Fundi pampu mzuri anarekebisha. Ile snokeli ya pembeni (bomba la hewa linalopanda mpaka usawa wa paa) sio ya nguvu, ni ya kutafuta hewa isiyo na vumbi na maji, na kwa hilo iko vizuri tu.

Mimi nina Subaru ya turbo.

Wewe uko ligi nyingine. Turbo inafidia mwinuko sehemu kubwa ndio maana mnatupita pale mlima wa Inyala bila huruma, na mbano kabla ya turbo una maana zaidi kuliko kwetu. Lakini hewa ya wizi kwako ni hatari zaidi, injini ikikauka chini ya mgandamizo inagonga na pistoni inavunjika. Usifanye na PVC, na usifanye bila mtu wa kupanga kompyuta.

Nina laki moja na gari nzito, niiweke wapi?

Ea klina mpya ya karatasi isiyo feki. Lile bomba la mbele kama halipo. Kusafisha throto na ea flo. Plagi za namba sahihi. Upepo wa tairi, watu wanatembea na tairi nusu tupu alafu wanalaumu injini. Inua gari uzungushe kila tairi kwa mkono uone breki haishiki, mimi niliwahi kukuta ya nyuma kushoto inanata miezi sijui mingapi. Kama bado nzito, peleka wapime kompresheni na kama masega ya ekzosi yameziba, maana hewa isipotoka haiwezi kuingia.

Lile bomba lako la PVC bado lipo? Nilinunue?

Mke wangu kalikata vipande viwili na zile elbo, analishia kuku. Hawamwagi tena pumba. Koni ipo, njoo uichukue bure.